Mkwezi Aliyepandishwa

Paukwa!
— Pakawa!
Mpo?
— Tupo!
Mpo kweli, au mmeleta miili tu? Wewe huko nyuma, meza kwanza. Haya.

Hapo kale, katika shamba la minazi la Bi Mize, palikuwa na mkwezi aitwaye Vuai. Ukianza kukohoa yuko chini, ukimaliza kukohoa yuko kileleni. Wenzake wakamwita Vuai Kima, naye akicheka.

Wakwezi wale walikuwa na desturi. Juu ya mnazi humwoni mwenzako, uko peke yako na makuti yako. Basi mmoja huita, "Wa juu, mpo?" Wengine hujibu, "Tupo!" Asiyejibu, wote hushuka kumtafuta. Na katikati ya kuitana, utani.

"Machano, magoti yako yanalia mpaka huku!"

Maana Machano alikuwa mbovu wa kukwea kuliko wote. Anapanda, anapumzika, anamwita mama yake.

Siku moja Bi Mize akasema, "Vuai, hapana kama wewe. Nakupandisha cheo. Leo wewe ndiye nyapara." Akampa kanzu, akampa kigoda. "Na nyapara hakwei, ni aibu."

Mnasikia mambo? Kapandishwa, asipande tena!

Vuai akakaa kivulini, shingo juu. "Machano, mguu huo siyo!" Akamgeukia mwingine. "We, siyo nazi hiyo, ya kushoto!" Akageuka tena. "Shukeni wote, hamjui kazi!"

Asubuhi akaita, "Wa juu, mpo?" Wakajibu wachache. Adhuhuri akaita, akajibu mmoja. Alasiri akaita, yakajibu makuti. Nani ajibu? Ukijibu anajua uko mnazi gani, anakuja kukukosoa.

Jioni wakirudi nyumbani yeye alifuata nyuma. Akiwakaribia, kicheko kinakatika.

"Shikamoo, nyapara."

"Marahaba."

Basi. Jana Vuai Kima, leo shikamoo! Vuai alikuwa mpweke, jamani. Usiku alikula bila kujua anakula nini.

Miezi ikapita. Siku moja wenzake walipoondoka, akavua kanzu, akakwea. Lo, raha! Lakini kamba yake ya kukwelea, ile ya miguuni, ilikuwa imekaa sana bila kazi. Alipofika juu ikakatika, mguu ukateguka. Akakumbatia makuti.

"Wa chini, mpo?" Kimya.

"Wa chini, mpo?" Kimya.

"Wa chini!" Akalia machozi, mtu mzima.

Huko njiani Machano akasimama. "Mbona leo hatukumwamkia nyapara?"

"Mwache huko," wakasema wenzake.

Machano akarudi peke yake, akaikuta kanzu kigodani bila mtu, akaanza kuita chini ya kila mnazi. "Wa juu, upo?"

"Nipo! Mguu umeteguka!"

Machano akafunga kamba miguuni, akaanza kukwea.

"Mguu huo siyo," akasema Vuai.

Machano akashuka. "Haya, njoo unionyeshe."

Akaanza tena. "Kaza goti—" akadakia Vuai. Machano akashuka tena.

Mara ya tatu Vuai akauma kuti, akanyamaza. Machano akakwea vibaya, jamani, vibaya! Akapumzika, akamwita mama yake. Lakini akafika. Akamfunga mwenzake kamba ndefu aliyopanda nayo, akamteremsha polepole.

Kulipokucha Vuai akaenda kwa Bi Mize akichechemea, kanzu mkononi.

"Bi Mize, miguu yangu inajua minazi. Watu siwajui. Mpe Machano."

"Machano? Hata kukwea hajui!"

"Hajui. Lakini nilipokosekana, yeye ndiye aliyejua."

Bi Mize akaipokea kanzu, akampa Machano.

Mguu ulipopona, Vuai akarudi juu. Machano akasimama chini, akawaita kwa majina, mmoja mmoja, wakajibu. Mwisho akaita, "Vuai Kima, upo?"

Vuai akafuta macho kwanza.

Wahenga wamesema, aliye juu mngoje chini. Kwa kawaida twasema kwa kukomoana. Machano hakukomoa mtu. Alisimama pale, akamngoja.

"Nipo," akasema Vuai.

Na hadithi yangu imeshuka mnazini. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chachu, niachieni mwenyewe. Mpo?
— Tupo!
Haya, msiondoke bila kuitana.