Kisogo cha Mama Nungunungu

Tulieni, nina kesi, na waamuzi ni ninyi. Msinikatize.

Pale Tabora walikuwapo watu watatu waliotengeneza filamu ya katuni ya nungunungu. Nyamizi alikuwa na mkono: akichora mnyama, unataka kumpisha njia. Chausiku alikuwa na sauti: bibi, mtoto na kuku kwa pumzi moja. Kasiga alikuwa na sikio: ngoma, nyayo, mvua, vyote alivipanga yeye. Sehemu ya kwanza iliwachekesha watoto. Ya pili iliwaliza hadi baba zao, kwa kipande kimoja tu: mama nungunungu anamuaga mwanawe.

Chama cha filamu kikakipa kipande hicho tuzo, kibao chenye nafasi ya jina moja. Atakayeandikwa ndiye atakayeongoza sehemu ya tatu.

"Kipande kile nimekichora mimi," akasema Nyamizi.

Kweli. Ila kuchora mdomo unaosema ni kazi ya siku nne, naye alichoka. Akamgeuza mama, akampa kisogo na miiba, akaenda zake kulala.

"Kisogo kimlize nani, shoga?" Chausiku akacheka. "Ile pumzi ni yangu."

Kweli pia. Alikuja kurekodi, hakuona mdomo wa kuufuata, maneno yakampotea. Akavuta pumzi, akaishusha, akaaga akaenda nyumbani.

"Na pumzi hiyo ingesikika wapi chini ya ngoma zangu?" Kasiga akadakia.

Kweli vilevile. Alidhani Chausiku atarudi kutia maneno, akaondoa ngoma kumwachia nafasi. Hakurudi. Ikabaki mvua juu ya bati, naye hakujisumbua kuuliza.

Nyamizi akawatazama kwa dharau. Mmoja kasahau maneno, mwingine kasahau kurudisha ngoma, na vifua mbele! Kisha akajikumbuka, naye kujidanganya hakuzoea.

"Wavivu watatu," akasema, "na wa kwanza ni mimi. Twendeni tukaseme. Lakini kibao nakitaka."

"Hata mimi," akasema Chausiku.

"Mimi je?" akasema Kasiga.

Wakaeleza yote mbele ya mwenyekiti wa chama. Mama yule hata miwani hakuvua. "Uvivu wenu haunihusu. Watu walilia. Leteni jina."

Haya, mnaojifanya mna akili. Aliyegeuza mgongo, aliyekosa neno, au aliyeacha kimya? Wewe ungemwandika nani? Na asiniambie mtu "wote watatu." Kibao ni kimoja.