Mizizi Iliyopewa Jina Lisilo Lake

Isome mpaka mwisho, ni fupi, kisha mpelekee mtu unayemjali.

Zamani, Amerika ilipokuwa bado koloni la Waingereza, aliishi mzee aitwaye Efraimu. Kazi yake ilikuwa kuzunguka misituni akikusanya mimea na mizizi yake, kuikausha na kuituma London kwa daktari mmoja aliyeitumia kutengeneza dawa. Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumsahihisha.

Siku moja binti yake, Kezia, alikuwa akipanga mimea iliyobaki baada ya sanduku la mizizi kusafirishwa. Akashika shina moja, akaligeuza, akampelekea baba yake.

"Baba, mmea huu umeuandika kuwa dawa ya tumbo?"

"Ndiyo."

"Dawa ya tumbo shina lake lina vinyweleo. Hili ni laini, lina madoa ya zambarau. Huu ndio uliowaua ng'ombe wa jirani."

Mzee alilisogeza shina hadi karibu na pua. Hakuona doa lolote. Macho yake yalikuwa yamefifia tangu mwaka uliopita, na hakuwa amemwambia mtu.

"Meli imeondoka wiki mbili sasa," alisema. "Nikiandika kwamba nimekosea, kazi yangu yote itatiliwa shaka. Na pengine hakuna atakayejua."

"Atakayeinywa atajua, Baba."

Mzee alichukua kapu lake akaenda msituni. Siku ya tatu alimwomba Kezia ashike kalamu, akamtajia kosa lake lote, na habari ya macho yake pia. Barua ikaondoka na meli iliyofuata.

Ikabaki kungoja. Kila meli ilipotia nanga, mzee alikwenda bandarini, akiogopa kusikia kwamba kuna watu waliokufa. Ikapita miezi saba.

Jibu lilipofika, alimpa Kezia asome. Daktari alikuwa ameandika:

"Meli iliyobeba sanduku lako ilicheleweshwa na dhoruba. Barua yako iliitangulia kwa siku nne, na mizizi yote tumeichoma. Wengi wanaoniletea mimea hukosea. Wewe ni wa kwanza kuniambia. Endelea kunitumia, ila majina ayaandike binti yako."

Mzee aliketi juu ya gunia la mtu palepale bandarini, akalia.

Funzo: Ukigundua umekosea, sema mapema. Aibu ya kukiri utaibeba wewe peke yako, lakini madhara ya kunyamaza huwaangukia watu wasiokujua hata kwa sura.