Kwa Nini Jumamosi Tunaandika Ukili

Ninyi mliojiunga na klabu mwaka huu mmekuta mambo yameshakaa hivi. Lakini kulikuwa na wakati ambapo hapa Songea sote tuliandika programu kwa lugha moja tu ya kompyuta, ile inayotumiwa kila mahali, kwa kuwa ndiyo iliyoleta kazi. Hakuna aliyewasha kompyuta kwa kujifurahisha.

Wakati huo alikuwapo mwalimu wa hisabati kutoka Mbinga, Kasiani Mbunda. Ndiye aliyenifundisha mimi, Skolastika, kuandika programu yangu ya kwanza. Alipostaafu alitunga lugha yake mwenyewe ya kompyuta, akaiita Ukili, kwa kuwa uliunganisha amri fupifupi kama mtu anayesuka miyaa kuwa ukili wa kushonea mkeka. Amri zenyewe zilikuwa ishirini na mbili tu. Ukikosea, ulikuandikia: "Hapa sijakuelewa, hebu nieleze tena." Mwalimu aliutumia kuchorea nakshi za mikeka, na akichora alicheka peke yake.

Ukili ulikuwa na kasoro moja. Ukiuambia urudie jambo zaidi ya mara elfu, ulikwama. Jumamosi moja Mwalimu alikuja nao klabuni, akaniambia mbele ya wenzangu, "Skola, mwanangu, nimehangaika na hii miezi mitatu. Kaa nami kidogo tuitazame."

Nilikuwa na haraka, tena nilijiona nimeshakuwa mtu. Nikamjibu, "Mwalimu, kwa lugha hiyo nani atakuajiri?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye akafunga kompyuta yake taratibu.

"Sitafuti ajira, Skola. Nilishaajiriwa miaka thelathini na minne."

Hakuja tena. Nilikusudia kwenda kumwomba radhi. Kila mwezi nilikusudia. Ikapita miaka miwili, na kazi ikanichosha hata nikaichukia kibodi. Ndipo siku moja nikafungua nakala ya Ukili aliyokuwa amenipa. Nilitaka kuchungulia tu. Nikashtukia maharage yameungua jikoni. Hapakuwa na mteja wala bosi wa kunihimiza. Lugha nzima ilienea kichwani mwangu, na nilipokosea iliniuliza kwa upole. Nikaitafuta ile kasoro siku tisa, nikaipata. Ilikuwa mstari mmoja. Wawili tungeimaliza kabla ya chai.

Nikapanda basi kwenda Mbinga. Mkewe, Mama Edmunda, alinipokea mlangoni.

"Alipata kiharusi mwaka jana," akasema. "Anaongea, ila mengi yamemtoka."

Nikaketi kando ya Mwalimu, nikafungua kompyuta yangu, nikauambia Ukili urudie mara elfu tano. Mkeka ukajisuka kwenye skrini, safu baada ya safu, bila kukwama. Mwalimu akausogelea, akatabasamu.

"Unapendeza. Nani kautunga?"

"Ni wewe, Mwalimu."

Akatikisa kichwa. "Hapana, binti. Ningekumbuka."

Nikamwomba radhi. Akanisamehe kwa adabu, kama unavyomsamehe mgeni aliyekukanyaga mguu, bila kujua ni kwa lipi.

Kuanzia Jumamosi iliyofuata hadi hii ya leo, hapa hatuandiki kazi ya mtu. Tunaandika Ukili, lugha isiyojulikana nje ya chumba hiki. Wapo wanaosema tunapoteza muda. Mimi muda nilioupoteza ni ile miaka miwili.