Mstari Mwekundu wa Fundi Anyosisye

Bawa halishikwi na rangi. Mmelisikia leo asubuhi kutoka kwa mama yenu mkubwa, na mkacheka. Wewe Gwamaka umecheka kuliko wote, kwa sababu pikipiki unayotaka kuinunua ilikuwa imesimama pale uani, nyekundu, inametameta kama kioo, naye akapita na gongo lake la kutembelea, akaitazama mara moja, akasema maneno hayo, akaenda zake kuanika mahindi. Atupele ndiye aliyekuja kuniuliza: "Baba mkubwa, bawa gani? Pikipiki ina bawa?"

Haina. Kaeni. Mimi shule niliishia darasa la tano, kupamba maneno sijui. Lakini neno hilo najua lilizaliwa wapi, maana nilikuwepo, na siku hiyo nilikuwa upande wa makosa.

Kabla hamjazaliwa nilifanya kazi katika kiwanja cha ndege cha Lwanjiro. Msifikirie lami na vioo. Kilikuwa kipande cha majani yaliyofyekwa, banda la mabati, na ndege moja ndogo nyeupe ya injini moja, iliyobeba wagonjwa na dawa. Kazi yangu ilikuwa kupampu mafuta kwa mkono kutoka kwenye mapipa na kufukuza ng'ombe wasilale njiani. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka bonde la Msunga ukafunika magurudumu, na ndege ile ikawa kama imelala juu ya wingu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwanaume mzima, na bado kila asubuhi niliamini kidogo kwamba ukiigusa itashtuka usingizini.

Tulikuwa watatu. Rubani alikuwa Kapteni Sarwatt, mtu mrefu mwenye maneno mengi. Fundi alikuwa Mzee Anyosisye, mfupi, maneno machache. Na mimi. Fundi alikuwa na binti aitwaye Tumpale, na Tumpale alikuwa mchumba wangu. Posa ilikwisha kupokelewa, tulingoja mvua ziishe. Kapteni akinikuta nimemwaga mafuta, hunipigia kelele: "Lwitiko! Angalia pipa! Nitamwambia mkweo akunyime mke!"

Mabawa ya ndege ile yalishikwa mwilini kwa bolti nne, mbili kulia, mbili kushoto. Kila bolti ilipita kwenye kishikio, chuma cha ukubwa wa kiganja chenye tundu. Fundi akishakaza nati huchora mstari mwekundu kwa brashi ndogo, kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma inachokalia. Nati ikilegea ikazunguka hata kidogo, mstari unakatika, na jicho linaona. Ni ujanja mzuri. Basi kila asubuhi Fundi aliingiza tochi kwenye kijidirisha chini ya bawa, akaitazama mistari yake, akasema, "Nne." Kapteni akajibu, "Nne," akapanda. Tulikuwa na msemo wetu pale kiwanjani: Mstari mzima, bawa zima. Hata mimi niliusema nikipampu mafuta, kama mtu anayeimba. Tumpale aliusema tangu mtoto, maana alikulia pale.

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu ikaja barua kutoka kwa wakuu wa usafiri wa anga. Ilisema kwamba katika nchi ya mbali ndege ya aina ile ile ilikatika bawa angani, siku ya jua, hakuna dhoruba. Kwa hiyo kila ndege ya aina hiyo isiruke tena mpaka bolti za bawa zitolewe zote na vishikio vikaguliwe kama vina ufa. Barua haikusema tafadhali.

Kapteni aliisoma kwa sauti, akaikunja. "Ndege ya watu imekatika huko kwao, na sisi huku ndio tufunguliwe bolti."

"Nitaanza kesho," Fundi akasema.

Kesho yake saa mbili asubuhi redio ya banda ikaita. Walikuwa watu wa zahanati ya Nyamsenga, ng'ambo ya bonde. Tumpale alikuwa huko wiki ya tatu, akimuuguza bibi yake. Alfajiri alikanyaga kifutu aliyekimbilia mlangoni kwa sababu ya mafuriko. Ameumwa juu ya kifundo cha mguu, na mguu umevimba mpaka gotini. Dawa ya sumu ya nyoka ilikuwa hospitali ya wilaya tu. Kwa ndege, kumfuata na kumfikisha, saa moja. Kwa mtumbwi, kupitia mashamba ya mpunga yaliyogeuka ziwa, siku moja na nusu.

Mimi sikungoja kuambiwa. Nilikwenda kupampu mafuta. Kapteni alikuwa tayari amevaa kofia.

"Twende," alisema. "Barua nitaijibu mimi."

Fundi akachukua tochi, akapiga magoti chini ya bawa. Siku nyingine alitazama kwa muda wa kupiga chafya. Siku ile alikaa. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka, akawa mabega na kichwa tu, kama mtu anayeoga mtoni.

"Nne," akasema kutoka chini kule.

"Nne!" Kapteni akajibu, mguu mmoja tayari juu.

Kilikuwepo kitabu ambacho Fundi alipaswa kuandika kwamba ndege ni nzima, kisha kutia sahihi. Nilimletea mwenyewe. Akakifungua juu ya pipa. Akashika kalamu. Halafu akaiweka.

"Sarwatt," alisema, "mstari huu niliuchora mwezi wa saba."

"Ndiyo, na haujakatika."

"Niliuchora wale wageni wakubwa walipokuja. Ule wa zamani ulikuwa umefifia, nikaona aibu. Sikutoa bolti. Hata spana sikushika. Nilichora juu ya mchoro. Mwaka juzi vile vile."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kila asubuhi namulika brashi yangu mwenyewe, nasema nne."

Kapteni akashuka. "Fundi, sikiliza. Juzi imekwenda ikarudi. Juzi ya juzi imekwenda ikarudi. Leo ndiyo ikatike?"

"Inaweza isikatike."

"Basi!"

"Na inaweza ikakatika, Tumpale akiwa ndani. Na wewe ndani. Sijui, Sarwatt. Hapo ndipo penye taabu. Sijui, na kitabu hiki kinataka niandike kwamba najua."

Hapo mimi nikasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka masikio yanapata moto. Nilimwambia, "Mzee, yule ni mwanao. Unamuua kwa spana."

Alinitazama. Hakukasirika. "Najua ni wa nani," akasema. "Kama hakuna ufa, nitakuwa nimemchelewesha bure, na utaniita jina lolote. Sasa shika tochi."

Kapteni alikimbilia redio. Aliwaambia watu wa Nyamsenga wamtie Tumpale kwenye mtumbwi saa ile ile, wasingoje ndege. Akaita ndege nyingine mbili za kanda ile. Zote zilikuwa za aina moja na yetu, na zote zilikuwa zimezuiwa na barua ile ile.

Nikashika tochi. Mwanga ulicheza juu ya chuma kama jua juu ya maji. Ilibidi kwanza tuisukume ndege bandani, tuegemeze bawa kwa magogo na magunia. Bolti ya kwanza ikatoka, safi, kishikio safi. Ya pili, safi. Nikasema kwa sauti, nipate kusikika, "Haya." Ya tatu, safi. Saa zilikuwa zinakwenda. Niliwaza mguu wa Tumpale unavyopanda kama unga uliotiwa hamira, nikamchukia yule mzee kwa moyo wangu wote.

Ya nne, ile ya nyuma kushoto, ilikataa kutoka. Fundi aliigonga kwa nyundo ya mbao, pole pole, kama anayebisha hodi kwenye nyumba ya mgonjwa. Ikatoka na kutu. Lakini kishikio chake kilionekana kizima. Mimi nilikitazama, Kapteni alikitazama, hatukuona kitu.

"Zima maneno," Fundi akaniambia, ingawa sikuwa nimesema.

Akakifuta kishikio kwa petroli. Akakipaka dawa nyekundu, nyepesi kama chai. Akangoja. Akaifuta yote mpaka chuma kikang'aa. Kisha akapulizia unga mweupe, chuma kikawa kama kimemwagiwa majivu, nasi tukakaa chini kukitazama. Mvua iliyokuwa ikipiga mabati ilinyamaza. Nilisikia vyura wa bonde zima. Sijui ni dakika ngapi. Ilikuwa kama tunatazama uso wa mtu aliyelala, kuona kama ataota.

Kisha ndani ya ule weupe kikatokea kidoa chekundu kwenye ukingo wa tundu. Hakuna aliyekigusa. Kikarefuka. Kikawa mstari mwembamba kama unywele, ukatambaa kutoka kwenye tundu kuelekea nje, ukapinda, ukaendelea, mpaka ukabakiza upana wa punje ya mchele kufika mwisho wa chuma. Ile dawa ilikuwa imenywewa na ufa, na sasa ufa ulikuwa unaitema.

Kapteni Sarwatt alivua kofia, akakaa juu ya pipa.

"Juzi nilibeba mama na mapacha," akasema.

Mimi nilitoka bandani, nikaenda ukingoni mwa maji, nikaazima mtumbwi.

Nilikutana nao kesho yake adhuhuri, katikati ya bonde. Nikiwaeleza mtadhani naota. Maji yalikuwa yametulia hata mbingu yote ilikuwa chini, na mtumbwi wao ukaja ukipita juu ya mawingu. Vichwa vya mipapai vilichomoza hapa na pale, na juu ya kila kimoja alisimama yangeyange mweupe. Tumpale alikuwa amelala juu ya majani ya migomba, macho yamefunguka kwa homa. Aliniona akatabasamu.

"Nimeziona nyingi," alisema. "Nyeupe. Kila moja inakuja, inakunja mabawa, inasimama. Haishuki. Yetu iko wapi, Lwitiko?"

"Imefunguliwa," nikasema.

"Aha," akasema, kama vile nimemwambia imelala.

Alifika hospitali akiwa hai. Mguu haukufika. Waliukata chini ya goti siku ya tatu.

Fundi Anyosisye alikuja kumwona baada ya wiki, amevaa koti lake la kanisani, na kitu kimefungwa kwenye leso. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda. Aliniamkia mimi kwanza, na mimi ndiye mdogo. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Nikamwambia, "Baba, naomba unisamehe kwa neno nililosema."

"Kaa," akasema. Akafungua leso, akamwekea binti yake kile chuma kiganjani.

Tumpale alikigeuza, akapitisha ukucha juu ya ufa. Ukucha ukanasa. Akaurudisha, ukanasa tena.

"Na mstari?" akauliza. "Mstari ulikuwaje, baba?"

"Ulikuwa mzima."

"Mzima kabisa?"

"Kabisa. Ulikuwa unapendeza."

Tumpale alikaa muda mrefu na ukucha wake mle ufani. Dirishani pazia lilijaa upepo, likashuka.

"Kumbe bawa halishikwi na rangi," akasema.

Mzee akainamisha kichwa. "Sikia, mwanangu. Watu kule wanasema barua ndiyo iliyokukata mguu. Si barua. Ufa ule haukuanza mwezi wa tatu. Ningefungua mwezi wa saba, siku ile niliyochora, ningeukuta, kishikio kipya kingeletwa, na siku uliyoumwa ndege ingekuwa nzima. Tungekufuata kwa dakika ishirini. Mguu wako nimeukata kwa brashi."

Tumpale hakusema si kitu, maana ilikuwa kitu. Aligeukia ukutani. Baada ya muda alinyoosha mkono nyuma, bila kutazama, akashika kidole cha baba yake kimoja, akakaa nacho hivyo mpaka akalala. Kile chuma hakukirudisha.

Ndege ile ilipata vishikio vinne vipya ikaruka miaka mingi. Fundi aliendelea kuchora mistari, lakini hakuchora tena juu ya mchoro. Kwanza alikwangua rangi yote, akafungua, akatazama, akafunga, ndipo akachora. Na asubuhi Kapteni akisikia "Nne," hakujibu tena nne. Aliuliza, "Umeona bolti au umeona rangi?" Maneno ya Tumpale yakatoka kiwanjani yakaingia sokoni. Sasa watu huyasema kwa mchumba mwenye suti, kwa nyumba iliyopakwa chokaa, kwa kiongozi mwenye maneno matamu, na hawajui kwamba bawa lilikuwepo kweli.

Tumpale nilimwoa mvua zilipoisha, kama tulivyopanga. Ndiye mama yenu mkubwa, mliyemcheka leo asubuhi.

Atupele, nenda jikoni. Kuna kipande cha chuma juu ya kifuniko cha mtungi, kile anachokiweka kuku wasifunue maji. Umekiona tangu unatambaa. Kilete hapa. Haya, Gwamaka, pitisha ukucha wako. Umesikia? Umenasa.

Sasa chukua spana zangu kule ndani, umwendee yule anayekuuzia pikipiki. Mwambie afungue gurudumu la mbele na afungue uma unaolishika, uone chuma chenyewe, nyuma ya huo wekundu wake. Akikubali, tazama vizuri. Akikataa, mwachie pikipiki yake ing'ae. Na ukirudi upite kule kwenye mahindi, umwambie mama yako mkubwa umeelewa. Bawa halishikwi na rangi.