Msiba kwa Bi Nguchiro

Hapo zamani za kale, sogeeni karibu, na wewe unayetafuna muhogo tafuna polepole nisikike, wanyama walikuwa na nyumba, majiko na majirani kama sisi. Kitongoji chao kilikuwa na chemchemi moja tu.

Lakini walikuwa na tabia mbaya. Kila mwenye taka alizitupa chemchemini. Fisi alitupa mifupa, Nyati samadi, Tembo matawi aliyokwisha kuyatafuna. Mwishowe chemchemi ikaziba kabisa.

Wakubwa hawakujali. Kwa miguu yao mirefu walikwenda kunywa mtoni, ng'ambo ya vilima viwili. Bi Nguchiro, mwenye miguu mifupi kama vidole vyangu hivi, alikuwa na watoto wanne. Mtoni wasingefika. Kitindamimba wake, Chiku, ambaye kwa kawaida hafungi mdomo, alikuwa kimya siku ya pili sasa kwa kiu.

Bi Nguchiro akabisha hodi kwa Tembo.

"Shikamoo, mzee wangu. Twende tukasafishe chemchemi."

"Marahaba. Mgongo unaniuma, mwanangu."

Akaenda kwa Nyati. "Nina kazi nyingi, jirani. Labda wiki ijayo."

Akaenda kwa Fisi. "Kwani taka zile ni zangu peke yangu?"

Akarudi nyumbani, akamtazama Chiku, akalia. Hata mimi ningelia. Kisha akafuta machozi, akajitanda kanga, akatoka nje akipiga yowe.

"Uwiii! Uwiii! Jamani, tumefiwa!"

Hapo hakuna aliyeumwa mgongo. Mnajua wenyewe, ukisusia misiba ya wenzako, siku yako utazikwa na nani? Tembo akaja na jembe, Nyati akaja na sururu. Fisi akaja na sahani.

"Pole, mwanangu," Tembo akasema. "Nani ametutoka?"

"Mama yetu sote. Hata wewe alikunywesha ulipokuwa mdogo."

"Maskini. Aliugua nini?"

"Hakuugua. Alikabwa koo."

Nyati akapiga kwato chini, pu! "Nani alimkaba? Nionyeshe nimshike!"

"Tuzike kwanza, Bwana Nyati. Kaburi linachimbwa palepale chemchemini."

"Na wali," Fisi akauliza kwa huzuni nyingi, "ni kabla ya kuzika au baada?"

"Baada."

Wakachimba. Chwa! Chwa! Yakatoka maganda, ikatoka samadi, ikatoka mifupa. Fisi kila alipouona mfupa aliutambua, akanyamaza. Jua lilipokuwa utosini, Tembo akang'oa tawi la mwisho.

Bubu, bubu, bubujiii! Maji yakaruka, yakamlowesha Nyati mpaka kwenye pembe.

"Kaburi limejaa maji," Tembo akasema. "Sasa marehemu tutamlaza wapi? Na mwenyewe yuko wapi?"

Bi Nguchiro alikuwa amekwisha kumpakata Chiku, anamnywesha kwa kiganja. "Ndiye huyo mbele yako, mzee wangu. Mmemfufua."

Nyati alizitazama kwato zake, zimejaa samadi yake mwenyewe.

"Kumbe niliyemkaba ni mimi," akasema taratibu.

"Ni sisi sote, jirani. Maganda yangu ya mayai nayo yamo humo."

Nguvu zote zile, wakachezewa na kimama cha shibiri moja! Wangeweza kukasirika. Ila Chiku alikuwa anakunywa mpaka anapaliwa, na alipopata pumzi akaanza kupiga domo bila kituo, na Tembo akaona aibu. Akabeba jembe lake, akaenda kuchimba shimo la taka mbali na maji. Tangu siku hiyo kila nyumba ilitupa huko, na samadi ya Nyati ikapelekwa mashambani.

Fisi bado alikuwa amesimama na sahani yake.

"Bi Nguchiro, na ule wali wa msiba?"

"Mchele nilikuwa nao siku zote, Bwana Fisi. Kilichokosekana ni maji ya kuupikia. Shika ndoo, ukachote."

Basi wanangu, msingoje chemchemi ife ndipo mjue kukusanyika.