Alama Nyekundu Ukutani kwa Tembo

Kaeni vizuri, wanangu. Hapo zamani za kale wanyama walichagua mji wao mkuu, na mji ukakua haraka kama majani ya masika. Wageni wakamiminika, soko likafurika, vumbi likawa halitui.

Nguchiro alikuwa na kibanda cha maandazi njia panda. Ndicho kilichowalisha watoto wake sita. Jumatatu moja akaja Kiboko, mpimaji wa mji, na kopo la rangi nyekundu. Fyaa, fyaa! Akachora X mlangoni.

"Barabara kuu inapita hapa, jirani. Kesho tunabomoa."

"Si ipite kwenye lile shamba tupu nyuma ya nyumba ya Mzee Tembo?"

"Shamba la mkuu wa mji? Unaumwa wewe."

Nguchiro akaenda kwa Tembo, akamkuta barazani anakunywa uji na wazee.

"Alama ikishawekwa, imewekwa," Tembo akasema. "Sisikilizi kilio cha mtu. Haya ni maendeleo, bwana mdogo."

"Hata iwe nyumba ya nani, Mzee?"

"Hata iwe ya nani."

Wazee wote wakasikia.

Mchana, wakubwa walipojilaza baada ya kula, Nguchiro akachovya mkia kwenye kopo la Kiboko. Fyaa, fyaa! Ukutani kwa Tembo.

Tembo alipoamka akanguruma, "Kiboko! Umechora wewe hii?"

Kiboko akajikuna. "Nimechora nyingi mno, Mzee. Sikumbuki."

Majirani wakajaa. Nguchiro akafika na kikapu. "Pole, Mzee. Nimekuletea maandazi ya safari. Kesho tunahama pamoja."

Tembo akatazama maandazi, akatazama dirisha la chumba alimozaliwa mwanawe.

"Kiboko, pima upya. Barabara ipite shambani kwangu. Alama zote zifutwe."

Kibanda kikapona. Lakini Nguchiro alipoinama kusali, moyo ulikuwa mzito. Akarudi kwa Tembo, mkia ameufyata.

"Mzee, nimekuja kukiri. Nilichora mimi. Nilikudanganya, na Mungu aliniona."

"Nilijua tangu ulipoleta maandazi," Tembo akasema. "Yalikuwa na rangi nyekundu."

"Mbona hukunisema?"

"Ningekusemaje? Saa ile na mimi nilikuwa na X."

Basi wanangu, anayetaka kuukuza mji na aanze kwa kubisha hodi kwenye nyumba anayotaka kuibomoa.