Kituo cha Mwana Somoe

Paukwa!

"Pakawa!"

Sogeeni motoni. Wa kusinzia akae upande ule, begani pangu pamejaa.

Hapo zamani za kale, mjini Siyu, aliishi Mwana Somoe, mke wa mshona viatu, mama wa mtoto mchanga. Alimpenda Mungu hata vyakula vikamwungulia. Akamtungia utenzi:

Njoo wangu nakungoja,
Sina raha hata moja,
Njoo tukae pamoja…

Mshororo wa nne, kituo, ukakataa kuja. Na utenzi usio na kituo, alisadiki, ni dua isiyo na amina: Mungu haupokei.

Akasikia kuwa mawalii hukaa faragha. Akaoga, akajifunga kisutu kipya, akajifungia ghalani. Njoo wangu nakungoja. Mtoto akalia.

"Akalia!"

Kinu kikamwuliza kama anangoja mtama ujitwange.

"Mama, kinu husema?"

Cha zamani. Changu kimechoka kama mimi.

Akahamia kisimani. Njoo wangu nakungoja. Mtoto akalia.

"Akalia!"

Ndoo ikamwarifu kuwa aliyekuja ni mama mkwe, na mtungini hamna tone.

Akahamia chumbani, akafukiza udi, akafumba macho kama walii hasa. Njoo wangu nakungoja. Mtoto akalia.

"Akalia!"

Chetezo kikakohoa moshi. "Mwanangu," kikasema, "huyo Mungu akija, utamwambia anayelia ni wa jirani?"

Mwana Somoe akafumbua macho, akajitazama. Walii gani huyu, macho mekundu kwa moshi, maziwa yamelowanisha kisutu? Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akamwinua mtoto, aliyejichafua hadi shingoni, akamtia majini. Na kwa kuwa alikuwa akimwita Mungu tangu asubuhi, akaona ni adabu kumweleza:

"Ngoja nimwoshe mtoto."

Akayarudia maneno hayo polepole. Akahesabu mizani kwa vidole vyenye povu. Imetimia. Akahesabu tena, maana alijijua. Imetimia.

Alhamisi, wanawake wa uradi, waliokutana kumsifu Mungu, walipousoma ule utenzi, walifika kituo wakacheka. Waliposoma mara ya pili, wenye watoto mgongoni wakalia.

"Akamwosha mpaka akatakata?"

Mpaka masikioni. Basi shikeni hili: Mungu anajua kungoja, mtoto hajui.

Hadithi yangu imekomea hapo. Nani hajanawa miguu?